Taharuki: Mwili Unapoitangulia Akili

Neno taharuki na neno harakati ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kutikisika na kwenda. Hofu yaweza kukaa kifuani mwa mtu miaka na mikaka. Taharuki haikai, hukimbia.

Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa yaliyochukua roho za watu 148, nyaya za umeme zilipasuka kwa kishindo karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kikuyu. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Wakakanyagana ngazini, wengine wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Mvamizi hakuwapo.

Tusiwacheke. Vijana wale walikuwa wamelala na Garissa vichwani mwao, na ubongo unapohisi hatari haungojei ithibati. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, damu huelekea kwenye misuli ya miguu. Yote hayo kabla mtu hajajua amesikia nini. Kwa aliyekurupushwa na nyoka hiyo ni rehema. Kwa aliye juu ghorofani, gizani, ni balaa. Isitoshe, hofu huambukiza: mtu wa kumi haikimbii hatari, anamfuata wa tisa.

Tumesoma katika sira kwamba usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti. Walipotoka kuielekea, walimkuta Mtume (S.A.W.) anarejea juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, akiwaambia wasiogope. Alikwisha kwenda kutazama. Aghalabu husifiwa ushujaa wake hapo, na ni haki. Ila sisi twaona pia kwamba aliwaletea habari. Kuambiwa "tulia" na mtu asiyejua lolote hakumtulizi yeyote.

Hapa kwetu Tudor maghorofa yanazidi, ngazi ni moja, madirisha yana nondo. Twawauliza wazazi: watoto wanajua ufunguo wa mlango wa chini hutundikwa wapi usiku? Transfoma ikipasuka saa nane za usiku, nani atakwenda kutazama, na nani atabaki na bibi asiyeweza kushuka ngazi? Yaamuliwe hayo jioni, watu wakinywa chai. Na ufunguo ujaribiwe, maana kufuli zetu hushika kutu kwa hewa ya bahari.