Nywele zikinyonyoka, tazama sahani kwanza

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, wazee wetu walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walitaka kutukumbusha kwamba watu hawafikiri sawa. Leo nataka tuziache akili kando, tuzitazame nywele zenyewe: kwa nini hunyonyoka, na chakula kina sehemu gani katika jambo hilo.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu. Asubuhi moja alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akafungua kitambaa chake cha kichwa. Akapitisha vidole mara moja tu, vikatoka na fungu la nywele. "Jirani, hii si bure," akasema. "Mimi nimechezewa." Alikwisha kumlaumu msusi wake na kumhama. Alikwisha kununua mafuta ya aina tatu, pamoja na kopo la vidonge vya kukuza nywele ambalo bei yake ingeilisha nyumba yake juma zima.

Tulipoulizana taratibu, mambo mawili yakajitokeza. La kwanza, alikuwa amejifungua miezi minne nyuma. La pili, tangu atoke arobaini alikuwa akipunguza tumbo: asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana hali kitu, jioni ugali kidogo kwa mboga, na chai tena ya kuteremshia. Na huku ananyonyesha.

Ili tuone kilichompata, kwanza tuelewane nywele ni kitu gani. Unywele tunaouona ni kitu kisicho na uhai. Hauna damu wala hisia, ndiyo maana kinyozi anaukata nawe huumii. Kilicho hai ni mzizi wake chini ya ngozi. Huko seli zinagawanyika kwa kasi kubwa, zikitengeneza protini ngumu iitwayo keratini, ambayo ndiyo pia inayotengeneza kucha zetu na pembe za ng'ombe. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zinazokaribia laki moja, na kila mmoja hurefuka kama sentimeta 1 kwa mwezi. Zetu za kipilipili huenda polepole kidogo. Zijumlishe zote, utaona kichwa kinasokota karibu kilomita nzima ya uzi kila mwezi. Kiwanda cha namna hiyo hakiendeshwi kwa chai ya rangi.

Sasa, mwili una utaratibu wake wa kugawa chakula, nao unafanana na wa mama mwenye busara siku ambayo unga ni kidogo. Moyo, ubongo na figo hupewa kwanza, kwa kuwa vikikosa, mtu hufa. Nywele husubiri mwisho, kwa sababu mtu anaweza kuishi bila nywele. Kwa hiyo chakula kikipungua, nywele ni miongoni mwa vitu vya kwanza kunyimwa. Dalili ya mvua ni mawingu.

Lakini nywele hazitoi habari siku hiyo hiyo, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Kwa kawaida, katika kila nywele 10 za kichwani, kama 9 zinakua na mmoja umepumzika. Unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka na mwingine huota mahali pake. Ndiyo sababu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Ila mwili ukipata mshtuko, kama vile homa kali ya malaria, upasuaji, uzazi, au kujinyima chakula ghafla, nywele nyingi huacha kukua kwa pamoja. Daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, aliieleza hali hii mwaka 1961. Miezi miwili au mitatu baadaye zinadondoka kwa mafungu, wakati mwenyewe amekwisha kuisahau ile homa, naye anamtafuta mchawi kati ya watu aliokutana nao juzi. Kwa hiyo nywele zikidondoka leo, jiulize miezi mitatu iliyopita kulitokea nini.

Kwa mama aliyejifungua jibu liko wazi. Wakati wa mimba homoni huzizuia nywele nyingi zisidondoke, ndiyo maana wajawazito wengi huonekana na nywele nzito. Baada ya kuzaa homoni hizo hushuka, na nywele zilizocheleweshwa hutoka kwa pamoja. Hili si tatizo la kudumu. Nywele nyingi hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja au karibu na hapo. Lakini zitarudi vizuri kama mama anakula.

Katika chakula, jambo la kwanza la kutazama kwa mwanamke ni madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta karibu wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi: hedhi, mimba za kufuatana, malaria, minyoo ya safura inayofyonza damu tumboni, na chakula chenyewe. Mwanamke wa namna hiyo huchoka upesi, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, na mara nyingi nywele zake huwa haba. Wengine hutamani kula ule udongo unaouzwa sokoni. Tamaa hiyo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe hukizuia chuma cha chakula kisiingie mwilini.

Chuma kipo katika nyama, maini, dagaa na samaki. Kipo pia katika maharage, kunde, choroko na mboga za majani, ila hicho cha mimea mwili hukipata kwa shida. Kuna njia mbili rahisi za kuusaidia. Moja ni kula tunda lenye vitamini C pamoja na chakula: chungwa, pera, papai, embe, au maji ya ubuyu. Nyingine ni kuiondoa chai mezani wakati wa kula. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, hukishika chuma cha mimea na kukipitisha bure. Inywe saa moja au mbili baada ya chakula. Jirani yetu alikuwa anakula mboga kidogo, kisha anaizuia kwa chai yake mwenyewe.

Zipo na sababu nyingine, nazitaja kwa ufupi. Upungufu wa zinki hudhoofisha nywele na ngozi. Zinki ipo katika nyama, dagaa, maharage, karanga na mbegu za maboga. Nafaka na kunde zina kitu kinachoifunga zinki pamoja na chuma, lakini kuloweka, kuchachusha na kuotesha kimea hukipunguza kitu hicho, kwa hiyo bibi zetu waliokuwa wakipika uji wa kimea cha ulezi hawakuwa wajinga. Upungufu wa madini joto nao huiharibu kazi ya tezi ya shingoni, na tezi hiyo ikilegea nywele huwa kavu na haba. Watu wa nyanda za juu kusini wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa limeenea, kabla ya sheria katika miaka ya 1990 kutaka chumvi ya kula itiwe madini joto. Chumvi hiyo ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko.

Na vile vidonge vya kopo? Vingi hujazwa vitamini iitwayo bayotini. Ni kweli mtu akikosa bayotini nywele hudondoka, lakini anayekula mayai, karanga na maharage ni nadra sana kuikosa. Mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 30 kwa siku, na baadhi ya vidonge hivyo vina 5,000 au 10,000. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba bayotini nyingi inaweza kuvuruga vipimo vya maabara, vikiwamo vya moyo, hata daktari akapewa jibu la uongo. Vitamini A ikizidi ndiyo mbaya zaidi: yenyewe hunyonyoa nywele, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata wafugaji wanajua kwamba si kila kinacholiwa hujenga. Farasi au punda akilishwa sana majani ya mlusina, manyoya ya shingo na mkia hupukutika, kwa sababu ya sumu iliyomo katika majani hayo.

Ndugu msikilizaji, sasa nafika penye uzito. Wakati tunazungumza na jirani yetu, mke wangu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mtoto wake wa pili, wa miaka miwili na ushei, aliyekaa kimya akishika kanga ya mama yake. Nywele za mtoto yule zilikuwa laini, chache, zimenyooka, na rangi yake imekuwa kama kutu. "Huyu ana nywele za singa," mama yake akasema, "watu wote wanazisifu." Mke wangu akaushika mguu wa mtoto, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo akihesabu polepole hadi tatu. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Akajaribu mguu wa pili, shimo likabaki vile vile.

Ile ni kwashakoo. Jina lake lilitoka Afrika Magharibi, katika nchi inayoitwa Ghana hivi sasa. Daktari Cicely Williams alilichukua kutoka lugha ya Kiga na kulitumia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935. Akina mama wa huko waliuita hivyo ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titini kwa sababu mwenzake amezaliwa. Huachishwa maziwa na kuhamishiwa uji mtupu wa mahindi, au muhogo, chakula kinachojaza tumbo bila kujenga mwili. Nywele hupoteza weusi wake na kung'oka bila maumivu. Mtoto akipata chakula kizuri kwa muda kisha akakosa tena, unywele mmoja huwa na pingili za weusi na wekundu kama mistari ya bendera. Uso na miguu huvimba, na wapita njia humsifu kwamba amenenepa.

Kwetu wengine husema mtoto wa namna hiyo amebemendwa, kwamba wazazi wamevunja mwiko. Basi wazazi huona haya, humficha ndani, humpeleka kwa mganga, na siku zinapita. Ndugu zangu, ugonjwa huu unaua. Mtoto mwenye nywele za namna ile na miguu inayobonyea apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala msijaribu kumshindilia vyakula nyumbani, maana mwili uliodhoofika hivyo unaweza kulemewa. Hospitali huanza kwa maziwa maalumu, kidogo kidogo.

Kumkinga si gharama ya kutisha. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa, maziwa, au dagaa waliosagwa. Apate yai, maharage yaliyopondwa, mboga, tunda na mafuta kidogo. Na awe na sahani yake mwenyewe, kwa sababu kwenye sinia la pamoja mkono mdogo hushindwa.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila kichwa kitatibiwa jikoni. Kipara cha wanaume ni cha kurithi na cha homoni. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota kipara. Maharage hayatamrudishia mzee nywele za utosini. Nywele zinazopungua kwenye paji na kando ya masikio kwa anayesuka kwa kuvuta sana, dawa yake ni kulegeza msuko mapema, kabla mizizi haijafa. Mapunye ya watoto ni fangasi, yanataka dawa ya hospitali. Na upara unaotokea kwa viraka, daktari autazame. Tena tofautisha: unywele ulioanguka ukiwa na kijifundo cheupe mwishoni umetoka na shina lake, usio nacho huenda umekatika njiani, basi tazama dawa za kunyooshea na kitana.

Jirani yetu alipimwa damu, ikakutwa iko chini, akapewa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo. Chai yake ameihamishia saa kumi. Nywele fupi zimeanza kumwota kwenye paji, nazo zinamkera kwa sababu hazilali chini. Mwanawe alilazwa majuma matatu. Uvimbe ulipokwisha alionekana amekonda sana, mama yake akalia, mpaka muuguzi alipomweleza kwamba huko ndiko kupona. Sasa kwenye shina la nywele zake wekundu umekoma, unachomoza weusi, kama sentimeta mbili hivi.

Jioni ya leo, ndugu msikilizaji, mwanao akija kukuamkia, mshike kichwa uzitazame nywele zake. Tuonane juma lijalo.