Kiolezo na Nafasi: Istilahi za Miundo ya Data katika Lugha ya Asembla

Makala haya yanafafanua jinsi miundo ya data inavyobainishwa katika lugha ya asembla ya kompyuta kuu za IBM, zilizotokana na familia ya System/360 iliyotangazwa mwaka 1964. Hoja yake ni kwamba istilahi za Kiswahili hazina budi kutenganisha maelezo ya data na nafasi inayoihifadhi data hiyo katika kumbukumbu.

Maagizo matatu ndiyo msingi. DS hutenga nafasi bila kuweka thamani. DC hutenga nafasi na kuweka thamani ya mwanzo. DSECT hueleza mpangilio tu, na hata DS ikiandikwa ndani yake huhesabu urefu bila kutenga baiti yoyote. DSECT, basi, ni kiolezo: kama kile cha fundi cherehani, huonyesha kola itakaa wapi, lakini chenyewe si nguo. Agizo USING humweleza asembla ni rejista ipi itakayokuwa na anwani ya rekodi. Hata hivyo, halipakii anwani hiyo. Kazi hiyo ni ya mwandishi wa programu.

Tuchukulie rekodi ya mteja yenye jina la baiti 20, namba ya akaunti ya baiti 8, na salio la baiti 5 linalobeba tarakimu 9 pamoja na alama yake. Akaunti huanzia umbali wa 20, salio 28. Jina likiongezwa hadi baiti 30, asembla hukokotoa upya umbali wote kutoka katika kiolezo. Programu iliyoandikwa 20 kwa mkono itaendelea kusoma kipande cha jina ikidhani ni akaunti. Ndiyo maana programu zote zinazotumia rekodi hiyo hushiriki kiolezo kimoja, nazo hukusanywa upya pamoja, na faili za zamani hubadilishwa.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Huko Masoro, Kigali, kilipo Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, swali la lugha ya kufundishia kompyuta si la nadharia tu. Mwongozo utakaoziita DS na DSECT kwa neno moja, “tangazo”, utamfanya mwanafunzi aamini kwamba nafasi imekwisha kutengwa, ilhali haipo.

Tunapendekeza “kutenga nafasi” kwa DS, “kuweka thamani ya mwanzo” kwa DC, na “kiolezo” kwa DSECT. Aidha, kila istilahi ipimwe kwa maswali mawili kabla ya kusanifishwa: Je, inatenga kumbukumbu? Je, inaweka thamani?