Mjomba Aliyezijua Mashine

Katika kila skimu ya makazi pana mtu mmoja ambaye wakulima humkimbilia mashine inapogoma. Si lazima awe amesoma sana. Mara nyingi ni mkulima kama wengine, mwenye ng'ombe wake na kipande chake cha viazi, lakini Mungu amemjalia masikio ya kusikia ugonjwa wa chuma. Kwetu Kinangop mtu huyo alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Sasa ni marehemu. Nimeona vyema kuwaandikia wakulima habari zake, maana kazi yake ina mafunzo yanayotufaa sote.

Kabla ya Uhuru alikuwa kibarua katika shamba la mlowezi. Kazi yake ilikuwa kumpa fundi spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Hapo ndipo alipoizoea trekta ndogo ya kijivu ya Ferguson, aina ya TE20, iliyotengenezwa mjini Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hata 1956. Zaidi ya 500,000 zilitoka kiwandani. Mjomba alipenda kutukumbusha kwamba Harry Ferguson alikuwa mwana wa mkulima, aliyezaliwa Ireland mwaka 1884. Zamani plau ilivutwa nyuma ya trekta kama mkokoteni, na iliponasa kwenye kisiki, trekta iliweza kuinua pua na kumwangukia dereva. Ferguson aliishika plau kwa mikono mitatu ya chuma, ikainuliwa kwa nguvu ya mafuta, na uzito wa kazi ukayakandamiza magurudumu ya nyuma. "Mtu huyu alikuwa amelima," mjomba alikuwa akisema. "Asiyelima hawezi kuwaza hivi."

Mwaka 1962 ulianza mpango wa Ekari Milioni Moja, na katika miaka iliyofuata familia zipatazo 35,000 zilipata mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Mjomba alikuwa miongoni mwao. Kama wenzake, aliingia shambani na deni la ardhi na deni la ng'ombe, na la kulipia lilikuwa maziwa na pareto. Trekta hakuwa nayo. Alikuwa na maksai wanne na plau moja.

Majirani walipolalamika kwamba plau zao zinakwaruza ardhi tu, hakuwalaumu maksai. Aliangalia mnyororo. Mnyororo ukiwa mfupi mno, plau huvutwa juu. Ukirefushwa kidogo, au ukifungwa katika tundu la juu zaidi kichwani mwa plau, ulimi huzama. Ni kazi ya dakika chache, na haigharimu hata senti moja.

Lakini jambo lililomjulisha kwa watu wote lilikuwa ile pampu ya bondeni. Mlowezi aliyeondoka aliacha pampu isiyotumia petroli wala dizeli, ya namna iliyobuniwa na Mfaransa Montgolfier mwaka 1796. Maji mengi huteremka kwa kasi ndani ya bomba, vali hujifunga kwa ghafula, na kishindo chake husukuma maji machache hadi juu kilimani. Hupiga hivyo usiku na mchana, kama moyo. Basi siku moja ikaanza kugonga kwa nguvu, bomba likapasuka, ikanyamaza. Akina mama wakarudia kupanda mlima na madebe mgongoni, na ng'ombe wa maziwa wakapelekwa mtoni kila siku. Kamati ilikwisha kukubali kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Mjomba aliomba apewe siku moja tu. Alijua kwamba juu ya pampu ile pana chupa kubwa ya chuma yenye hewa, na hewa hiyo ndiyo mto unaopokea kishindo. Alipoifungua aliikuta imejaa maji tele. Hewa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila pigo liliangukia bomba. Alimwaga maji, akazibua kitundu cha kuingizia hewa kilichokuwa kimezibwa na matope, akakata vali mpya katika mpira wa gurudumu, akaunga bomba. Kabla ya jua kuchwa maji yalifika tangini. Kamati haikuuza kitu.

Baada ya hapo aliitwa kila mahali, naye aliweka sharti moja. Hakutengeneza mashine ya mtu mpaka mmoja wa nyumba ile ashike spana na kufanya kazi pamoja naye. Wengine walinung'unika, wakasema wamemwita fundi, si mwalimu. Aliwajibu, "Mimi nitakufa, na mashine hii itaharibika tena."

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hakuvificha. Aliwaonyesha watoto mkono ule, kisha akawafundisha kuuondoa mkanda kwanza, ndipo waguse visu. Aliyebisha hakuruhusiwa kukaribia.

Alikuwa na wana watatu, wote wakaenda kutafuta kazi mjini. Aliyekaa naye na kushika taa alipofanya kazi usiku alikuwa binti yake. Mzee alipofariki, baadhi ya jamaa walitaka sanduku la spana liuzwe, kwa kuwa mwanamke hana haja nalo. Shangazi, mjane wake, akalikalia sanduku lile, akakataa kabisa. Leo binti huyo ndiye anayetengeneza mashine za kukatia majani na pampu za kunyunyizia dawa kijijini kwetu, na waliotaka kuuza spana humpelekea zao.

Basi, ndugu mkulima, ukiwa na mtu wa namna hii karibu nawe, usingoje mashine iharibike ndipo umtafute. Mpelekee mtoto wako, wa kiume au wa kike, akajifunze. Pima mafuta ya injini kabla ya kuiwasha. Safisha chujio la hewa, hasa wakati wa vumbi. Weka daftari na uandike siku uliyobadilisha mafuta. Mashine ikianza kutoa sauti usiyoijua, izime mara moja uitazame, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.