Fahamu: Je, intakula kubwa huongeza nguvu ya gari la kila siku?

Kwa anayeendesha Subaru ya tabo kati ya Karatina, Nyeri na Nanyuki, jibu ni kwamba tofauti itakuwa ndogo mno.

Tabo hushindilia hewa, na hewa iliyoshindiliwa hupata joto. Intakula huipoza kabla haijaingia kwenye injini. Hewa baridi ni nzito, hubeba oksijeni zaidi, na hupunguza hatari ya petroli kulipuka kabla ya wakati. Nyeri mjini, takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Kwa hiyo tabo huzunguka kwa kasi zaidi kufikia msukumo uleule, na joto huongezeka. Hapo mwenye kuuza intakula ana hoja.

Lakini baridi ya Mlima Kenya tayari inakusaidia. Anayekwenda kazini na sokoni hakanyagi mafuta hadi mwisho dakika nzima, na intakula ya kiwandani humtosha. Ile kubwa mno huchukua muda kujaa hewa, gari likachelewa kuitika. Isitoshe, bila kurekebisha kompyuta ya injini, faida yake ni haba.

Forester XT za awali na Impreza WRX zina intakula juu ya injini, chini ya tundu la boneti, nayo hupata joto kwenye foleni. Gari likianza kusonga, hupoa. Kwa hiyo, badala ya kununua intakula kubwa, mimi ningempa fundi pesa hizo akague mipira inayovuja hewa, plagi na oili.