Bili ya maji Kipevu: haki ya mkazi na hesabu ya mtungi

Uniti moja kwenye bili ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Hesabu hiyo ndogo yatosha kuonyesha ni nani anayelipa ghali zaidi katika wadi ya Kipevu na Changamwe nzima. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia mtungi mmoja kwa siku, humaliza mitungi 150 kwa mwezi. Hizo ni uniti 3. Tuseme mwenye mkokoteni anauza mtungi kwa shilingi 20. Familia hiyo itatoa shilingi 3,000, au shilingi 1,000 kwa kila uniti, na hakuna ngazi ya bei ya nyumbani kwenye bili ya bomba inayokaribia kiasi hicho. Isitoshe, lita 20 kwa mtu ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku ili mahitaji mengi ya msingi yatimie.

Ndiyo maana suala la bei limeingia katika mazungumzo ya haki. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na Sheria ya Maji ya 2016 inairudia haki hiyo. Mwaka huohuo wa 2010, tarehe 28 Julai, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Haki hii haisemi maji yawe bure. Inasema gharama yake isimlazimishe mtu kupunguza chakula, dawa au karo ya mtoto. Kipimo kinachotumiwa sana na Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 ya mapato ya nyumba. Kwa nyumba yenye mapato ya shilingi 15,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 450. Mkazi na ailinganishe na ile 3,000 ya mkokoteni.

Kwa nini maji yawe na bei kabisa? Mombasa haina mto wala chemchemi ya kuitosha, na visima vingi vya hapa hutoa maji ya chumvi, mazuri kwa kufulia na kudekia lakini si kwa chai. Maji matamu hutoka nje ya kaunti: Mzima kule Tsavo, kwa bomba lililokamilika mwaka 1957, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Ya Mzima huteremka yenyewe, lakini ya Baricho husukumwa kwa pampu za umeme. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Mombasa, MOWASSCO, huyanunua kwa jumla kutoka kwa shirika la maji la Pwani kisha huyasambaza. Yanayovuja au kuibwa njiani ni gharama pia.

Bei ya rejareja haipangwi na kampuni peke yake. Lazima iidhinishwe na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, baada ya wananchi kutoa maoni, kisha itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hupangwa kwa ngazi: uniti za mwanzo huwa rahisi ili hata mwenye kipato kidogo azimudu, na bei hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka.

Mpango ni mzuri kwa nyumba ya familia moja. Katika nyumba ya vyumba wanamoishi wapangaji wengi kwa mita moja, mambo hugeuka. Wapangaji wanane wakitumia uniti 4 kila mmoja, mita itasoma 32. Kila mmoja angekuwa na mita yake, huenda asingetoka ngazi ya chini. Wakiwa pamoja, sehemu kubwa ya maji yao huhesabiwa kama ya tajiri mwenye bwawa la kuogelea. Malalamiko ya namna hii yalifika Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya wakazi wa Phiri, Soweto. Jiji la Johannesburg lilikuwa likitoa uniti 6 za bure kwa mwezi kwa kila kiwanja, bila kujali idadi ya watu. Mwaka 2009 mahakama iliamua kwamba mpango huo ulikuwa wa busara, na wakazi wakashindwa. Hapa Kenya, Ibara ya 20 ya Katiba inaibebesha Serikali jukumu la kuonyesha kwamba haina uwezo pale inapodai hivyo.

Mgao nao una vituko vyake. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, hewa iliyojaa kwenye bomba inaweza kuzungusha mita kabla tone halijafika. Kuna pia bili za makadirio. Dawa ya yote mawili ni mkazi kusoma mita mwenyewe, kuipiga picha ikionyesha tarehe, na kuilinganisha na bili. Mpangaji ana kila sababu ya kumwomba mwenye nyumba amwonyeshe bili yenyewe, badala ya kutajiwa kiasi tu.

Lalamiko huanzia ofisi ya kampuni, kwa maandishi, na mlalamikaji hubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Asiporidhika huenda WASREB, na uamuzi wa WASREB unaweza kukatiwa rufaa katika Mahakama Maalum ya Maji. Anayekatiwa maji anaweza kudai sababu kwa maandishi chini ya Ibara ya 47. Na kikao cha maoni kuhusu bei kikitangazwa, wapangaji wa mita moja waende na bili zao za miezi sita na idadi ya watu wanaoitumia mita hiyo.