Mti wa Tulipu: Mzee Aliyenusurika na Barafu

Familia nyingi hapa kambini zina ndugu waliohamishiwa Marekani, na baadhi ya Wakongo wenzetu walifikia jimbo la Kentucky. Watoto darasani wanatuuliza, huko kuna miti gani? Basi mwezi huu tunawaletea mmoja, ambao tangu 1994 ndio mti rasmi wa jimbo hilo. Unaitwa mti wa tulipu.

Msiuchanganye na ule wa maua mekundu kama moto tunaouona huku Afrika, ambao nao Wazungu wanauita tulipu. Hiyo ni koo mbili tofauti kabisa. Huu wa Marekani maua yake yana umbo la kikombe, rangi ya kijani na manjano, na ndani yana mstari wa chungwa. Jani lake nalo halifichiki: ncha yake ni kama imekatwa kwa mkasi.

ULITOKA WAPI?

Mabaki ya mimea ya ukoo huu yamepatikana ndani ya mawe yenye umri wa karibu miaka milioni 100. Yaani dainosari walikuwa bado wanatembea! Baadaye mti huu ulienea Amerika, Asia na Ulaya, hata Iceland. Kisha baridi kali ikaja, barafu ikafunika nchi za kaskazini. Ulaya ukaisha kabisa. Wataalamu wanaeleza kwamba kule milima imelala mashariki kwa magharibi, ikaziba njia ya kusini kwenye joto. Marekani milima imekwenda kaskazini kwa kusini, kwa hiyo mbegu zilipata pa kupita.

Leo zimebaki aina mbili tu: moja mashariki ya Amerika ya Kaskazini, nyingine China na kaskazini ya Vietnam. Zimetengana mamilioni ya miaka. Lakini mwaka 1963 Profesa Ye Peizhong wa Nanjing, China, alizichavusha pamoja, na kumbe bado ni ndugu! Watoto wao wanakua haraka kuliko wazazi. Na mwaka 2024 watafiti waligundua kwamba ubao wake si sawa na wa miti migumu wala miti laini, bali uko katikati.

UNAPANDWAJE?

Mbegu zake zina bawa, zinapeperuka na upepo. Shida ni kwamba nyingi ni tupu: katika kumi, mara nyingi inaota moja au mbili. Kwa hiyo wanamwaga nyingi kitaluni. Kabla ya kuota zinahitaji miezi miwili au mitatu ya baridi na unyevu, ndiyo maana kwetu huku kwenye joto si rahisi. Mizizi ya mche ni minene na inakatika upesi, hivyo unahamishwa ukiwa bado mdogo. Unataka jua la kutosha, na udongo wa kina wenye unyevu lakini usiotuamisha maji. Maua ya kwanza? Miaka 15 hadi 20! Ukipata nafasi unapita mita 50 kwenda juu.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Wazazi wengine wanasema, kwa nini tupande mti mahali ambapo hatujui tutakaa mpaka lini? Swali hilo ni la haki, hatulidharau. Lakini tuangalie George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mwaka 1785 alipanda miti ya tulipu nyumbani kwake Mount Vernon. Alifariki 1799. Miti ikaishi zaidi ya miaka 200 baada yake, na wengine wakakaa kivulini.

Basi wakina mama na wakina baba, mkiotesha mpapai au mwembe na watoto, wekeni mbegu zaidi ya moja kwenye kila kiriba. Mnapohamisha mche, chaneni kiriba polepole, msiuvute kwa shina. Na zisizoota zisiwakatishe tamaa. Hata mzee huyu wa miaka milioni 100, mbegu zake nyingi ni tupu.