Jiko la umeme likigoma: tuangalie nini kabla ya kulipa fundi



Hapa Kindu wengi wetu tunapika na makala juu ya mbabula. Lakini katika nyumba fulani za Kasuku, Mikelenge na hata Alunguli, ng'ambo ya mto, kuna majiko ya umeme yenye uso wa kioo na vitufe vya kugusa. Lingine limenunuliwa kwa pesa ya likelemba, zamu ambayo mama aliingoja miezi mingi. Siku linapogoma, fundi anasema neno moja: "Karte imekufa." Hapo mama anaona pesa yake imepotea.

Karte ni kibao chembamba ndani ya jiko, kimejaa vipande vidogo vya elektroniki. Ndiyo inayopokea amri ya kidole chetu, inapima joto na kuamua moto upande au ushuke. Inaweza kufa kweli. Lakini kuna makosa ya nje yanayofanana na kifo cha karte, na hayo tunaweza kuyaangalia wenyewe bila kufungua kitu.

Kwanza, umeme. Majiko haya yanataka volti 220 hivi. Umeme ukishuka sana, jiko linazima au linaandika herufi na namba. Jiko la wati 2000 linavuta karibu ampea 9: jenereta ya wati 1000 hailiwezi, na ralonje nyembamba inapata moto. Tulizime, tuchomoe, kisha tuangalie kichwa cha waya. Kikiwa cheusi au kimeyeyuka, ubaya uko hapo au kwenye prizi.

Pili, sufuria. Lile jiko lisilowaka jekundu, linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, halipokei sufuria ya kawaida ya aluminiamu. Linalia, kisha linazima. Tuchukue sumaku ya spika ya redio mbovu, tuiweke chini ya sufuria. Isiponata, huenda jiko ni zima. Tutafute sufuria nyingine.

Tatu, hewa. Majiko mengi ya namna hii yana feni chini yake. Vumbi, mafuta au kitambaa kilichotandikwa kikiziba njia ya hewa, jiko linapata joto kali na kujizima. Mende nao wanapenda joto hilo. Wanaingia ndani na kuharibu karte. Tuliweke mbali kidogo na ukuta, na meza iwe safi kila usiku.

Nne, vitufe. Maji au mafuta juu ya kioo yanakizuia kidole. Pia kuna kitufe chenye alama ya kufuli au ufunguo, cha kuzuia watoto. Tukikibonyeza kwa sekunde chache, kwa kawaida jiko linafunguka.

Tano, mapumziko. Tulichomoe dakika 10, kisha tujaribu tena. Likiandika tena namba ya kosa, tuinakili kwenye karatasi. Kila kiwanda kina maana zake, kwa hiyo tusitupe kitabu kilichokuja na jiko.

Hapo ndipo kazi yetu inapoishia. Tusilifungue. Ndani kuna vipande vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa, na vinaweza kupiga mtu vibaya. Jiko likitupiga shoti, likinuka kuungua, au kioo kikipasuka, tusipike tena hata chakula kimoja.

Tukifika kwa fundi, tumpe ile karatasi na tumwulize: "Umepima nini?" Fundi mzuri ana chombo cha kupimia umeme. Anaanza na waya na fyuzi, anafuata feni na kipima joto, na karte inakuja mwisho. Akisema imekufa, atuonyeshe palipoungua au kipande kilichovimba. Pengine kipande kimoja tu kinabadilishwa, karte inabaki. Tupatane bei kabla ya kazi, na tuombe kipande cha zamani turudi nacho. Akitaka kuweka uzi wa waya mahali pa fyuzi, tukatae. Fyuzi inakatika ili nyumba isiungue.

Na ili tusifike huko: umeme ukikatika, tuchomoe jiko mara moja. Ukirudi, tungoje dakika 5 au 10 kabla ya kulichomeka, maana umeme unaporudi unaweza kupanda ghafula na kuichoma karte. Anayenunua stabilizateri ahakikishe wati zake zinapita zile za jiko.

Sisi walimu tunawaomba viongozi wa vikundi wasome orodha hii kwa sauti kwenye mkutano ujao, kwa ajili ya wamama wasiosoma. Mwenye jiko aibandike ukutani, mbali na maji. Na mbabula ibaki tayari pembeni, watoto wasilale njaa fundi anapotafuta kosa.